Fundi Saa na Nchi ya Mia

Ukitaka kumharibia Fundi Saa siku yake asubuhi na mapema, kabla hata hajamaliza chai, mwambie kwamba redio yake na redio za madereva wa malori ni kitu kimoja. Weee! Atatua kikombe, atavua ile lenzi anayoibana jichoni, na utapewa somo ambalo hukuliomba. Utaambiwa kwamba yeye ana leseni ya serikali, na kwamba aliifanyia mtihani, tena si mtihani wa kubahatisha. Utaambiwa kwamba ana jina lake la hewani, la herufi na tarakimu, ambalo hakuna binadamu mwingine chini ya jua analo, na kwamba wale wa malori wana lakabu tu na kazi yao ni kupiga soga. Usipowahi kuaga, utaonyeshwa kadi.

Na kadi zenyewe si mchezo. Mbele ya nyumba yake kuna duka la kutengeneza saa: meza moja, taa ya shingo ndefu, droo ishirini na nne za vipuri, na ukuta wa saa zinazowasubiri wenyewe, kila moja ikishikilia wakati wake kwa ubishi. Ukipita mlango wa pili unaingia chumba cha redio, na hapo ndipo utashika mdomo. Ukuta mzima ni kadi za posta, kutoka kwa watu ambao Fundi hajawahi kuwaona wala hatawaona. Kuna kadi ya mlima wenye theluji, kuna ya meli, kuna ya bwana mmoja mnene na mbwa wake, wote wawili wamevaa miwani. Kwa watu wa redio hizi, kuongea na mtu wa mbali hakutoshi. Mnapeana majina ya hewani, mnapeana namba za usikivu, kila mtu anaandika kwenye daftari lake, halafu kila mmoja anamtumia mwenzake kadi kwa posta. Kadi ikifika, nchi imeingia kwenye hesabu. Isipofika, ulikuwa unaota.

Fundi alikuwa na nchi tisini na tisa. Tisini na tisa, jamani! Na alikuwa amekwama hapo hapo kwa miaka minne, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta kitasa hakina mkono.

Alikuwa pia katibu wa chama cha watu wa redio, watu kumi na wawili waliokutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kwenye darasa la kuazima. Kazi ya katibu ilikuwa kukagua kadi za wanachama na kusema hii inapita, hii haipiti, na aliifanya kazi hiyo bila kumwonea mtu haya. Kanuni yake ilikuwa moja: umsikie mwenyewe, kwa masikio yako mwenyewe. Usinong'onezwe, usisaidiwe, usikisie. Kukisia kulikuwa rahisi, maana namba ya usikivu ni tarakimu mbili tu, na watu wengi kwa kutaka kupendana humwambia kila mtu tano na tisa, ambayo ndiyo alama ya juu kabisa, hata kama wanamsikia kwa shida. Mwaka mmoja, Kinyozi wa chama alileta kadi nzuri sana ya nchi ya mbali, halafu katika kunywa chai akaropoka kwamba namba hakuisikia vizuri, rafiki yake aliyekuwa pembeni ndiye aliyemtajia. Fundi akairudisha ile kadi mezani kwa kidole kimoja.

"Haipiti," alisema.

"Lakini katibu, nilikuwa nimekaa pale pale! Ni kelele kidogo tu ziliingia!"

"Basi rafiki yako ndiye aliyeongea. Mwambie apate leseni, nitamwandikia."

Kinyozi alinuna miezi mitatu, na katika miezi hiyo Fundi alinyolewa na mtu mwingine, vibaya.

Sasa huyo ndiye Fundi. Na Mungu alivyo na mzaha, ng'ambo ya barabara, mkabala na duka lake, kulikuwa na yadi ya malori, na ndani ya yadi hiyo, kwenye kibanda cha bati chenye dirisha moja, alikaa shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwanamke ambaye kila mtu alimwita Kengele kwa sababu ya sauti yake. Kengele ndiye aliyeyapanga malori. Kutwa nzima alikuwa na kipaza sauti mkononi: lori namba tatu rudi upakie, lori namba kumi njia ya daraja imefungwa, pita juu. Redio yake ilikuwa ile ile aliyoidharau Fundi, redio ya kiraia isiyohitaji mtihani wala leseni, unanunua, unafunga, unaongea.

Shemeji na shemeji hawaachani salama. Kila siku Kengele alivuka barabara kuja kuomba maji ya moto, na kila siku kulikuwa na vita.

"Leo mmesema nini huko kwenu cha maana?" Fundi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Dereva wa lori namba tano mkewe kajifungua mtoto wa kike. Malori yote yakapiga honi, kila moja lilipo. Na nyie je?"

"Nimeongea na bwana mmoja, umbali wa kilomita elfu kumi na moja."

"Eh! Kakwambiaje?"

"Ananisikia vizuri."

"Na wewe ukamwambiaje?"

"Namsikia vizuri."

Kengele alicheka mpaka akashika meza, na vipuri vikatikisika. "Shemeji, yaani mnafika mwisho wa dunia, mnaambiana mnasikiana, halafu mnaagana? Hata jina la mtoto wake humuulizi?"

"Hiyo ndiyo tofauti yetu," Fundi alisema kwa hadhi. "Sisi hatubebi umbeya." Lakini alikuwa akimpenda huyu shemeji yake, msidanganyike. Siku asipokuja, aliitazama yadi kila baada ya dakika tano.

Kuna jambo moja ambalo Fundi hakumwambia mtu. Masikio yake yalianza kuisha nguvu, na yaliisha kimyakimya. Alijua siku alipotengeneza saa ndogo ya mkononi ya mama mmoja. Aliitia ufunguo, akaiweka sikioni: kimya. Akaifungua, akakuta magurudumu yanazunguka kwa raha zao. Akaifunga, akaisikiliza tena: kimya. Aliifungua mara tatu kabla hajaelewa kwamba mbovu haikuwa saa. Tangu siku hiyo akawa anaibana saa kwenye mfupa wa taya, chini ya sikio, ili aihisi ikigonga, na wateja walipomwona wakaambiana, huyu bwana ni fundi kweli, wengine wanasikiliza saa, yeye anaionja.

Nyumbani ilikuwa kazi zaidi. Mkewe alikuwa karani wa shule, mwanamke mpole mwenye macho makali, aliyezoea kusema mambo yake akiwa jikoni na maji yanatiririka. Fundi, badala ya kusema hakusikia, alijibu "ndiyo, ndiyo." Kwa "ndiyo" hizo alijikuta amekubali kupaka rangi jiko zima, amemkaribisha shangazi wa mkewe kwa wiki tatu, na mara moja alijikuta amevaa suti mbele ya wanafunzi mia mbili, akitakiwa kuwahutubia juu ya usafi wa meno. Mkewe alimuuliza waziwazi, si mara moja.

"Mume wangu, masikio yako yako sawa?"

"Masikio yangu? Mimi ninayemsikia mtu wa ng'ambo ya bahari mbili?"

"Sijakuuliza habari za bahari. Nimekuuliza habari za hapa chumbani."

"Yako sawa," alisema, na akaenda zake kwenye redio. Miaka miwili ilipita hivyo. Mkewe alitaka kitu kimoja tu, mwanaume huyu aseme, amwambie yeye, ili waende hospitali pamoja. Akamwacha, lakini ilimuuma.

Na kwa nini hakusema? Kwa sababu ya mia. Watu wa redio wanajua kwamba jua lina miaka yake ya kuchemka, kama mara moja kila miaka kumi na moja hivi. Miaka hiyo ikifika, mawimbi ya redio yanagonga juu angani na kurudi chini mbali kabisa, mchana kweupe, na redio ndogo inafika mahali ambapo miaka mingine hata redio kubwa haifiki. Mwaka huo jua lilikuwa limechemka hasa. Fundi alipiga hesabu zake: baada ya hapa atangoja tena miaka kumi na moja, na masikio haya hayatafika huko. Kama mia haipatikani sasa, haipatikani tena maishani. Akikubali kwamba masikio yamekwisha, basi na mia imekwisha. Hivyo ndivyo alivyojifungia ndani ya hiyo hesabu, maskini, mtu mzima na akili zake.

Nchi aliyokuwa akiiwinda ilikuwa kisiwa kimoja cha baridi, chini kabisa ya ramani, chenye kituo cha kupima hali ya hewa, watu kumi na wanane, na upepo. Hakuna mtu wa kule aliyekuwa na leseni ya redio kwa miaka mingi. Safari hii, magazeti ya chama yalisema, yupo mmoja.

Basi Jumanne moja, saa sita na nusu mchana, Fundi akiwa ameinamia saa ya ukutani iliyojaa vumbi, Kengele alivuka barabara mbio. Alikuwa bado amevaa fulana ya yadi ya rangi ya machungwa, na kiganja chake kimoja kilikuwa kimeandikwa kwa kalamu.

"Shemeji! Shemeji, acha hiyo saa! Mia yako iko hewani!"

Hilo alilisikia. Sauti ya Kengele ilisikika hata na waliokufa.

"Mia gani?"

"Kisiwa chako! Nilikuwa namwita lori namba saba aje apakie saruji, akaniitikia mtu mwingine. Nikadhani ni dereva mgeni. Nikamuuliza uko wapi, akanitajia kisiwa. Nikamwambia bwana wee, acha utani, mimi niko kazini. Akaapa. Ni fundi wa kile kituo cha hali ya hewa, kakaa ndani ya lori la mafuta huko kwao, lina redio kama yangu."

Fundi alisimama taratibu. "Hiyo ni kinyume cha sheria. Redio za malori haziruhusiwi kuongea na watu wa mbali."

"Kalishtaki jua, basi! Mimi nilimwita namba saba." Kengele alimpigia meza. "Nisikilize. Huyo bwana ana leseni kama wewe, anayo na redio kama yako. Nikamwambia nina shemeji yangu ana nchi tisini na tisa na maringo ya mtu mwenye mia mbili. Kacheka sana. Kasema anakwenda kuwasha redio yake kubwa sasa hivi, atakungoja nusu saa, kwenye namba hizi hapa." Akamfunulia kiganja. "Na meli inamchukua kesho asubuhi. Harudi tena huko."

Kiburi ni kitu cha ajabu. Kwa muda, mtu aliyengoja miaka minne alisimama pale akifikiria kwamba habari ya nchi yake ya mia imeletwa na redio ya malori. Nilivyosimuliwa mimi, hata mdomo aliufungua ili aseme neno kuhusu jambo hilo. Halafu akamwona Kengele anavyohema, akaona aibu. Akamshika kile kiganja, akasoma namba, na wakakimbilia chumba cha nyuma, Fundi akikipiga teke kigoda njiani.

Redio ilichukua dakika moja kupata moto, dakika ndefu. Akavaa spika za masikioni, akazungusha gurudumu la masafa mpaka kwenye zile namba, akaita. Alitaja jina lake la hewani polepole, herufi moja moja, kama alivyolitaja maelfu ya mara, na sauti haikutetemeka. Akaachia kitufe.

Mtu akajibu.

Fundi alijua kwamba ni mtu. Alijua ni mwanaume, alijua yuko mbali, na alijua kwamba anaongea naye. Sauti ilifika, maneno hayakufika. Ilikuwa kama kusikiliza watu wa nyumba ya pili kupitia ukuta. Akaongeza sauti. Mvumo ukawa mkubwa, maneno hayakuongezeka hata moja.

"Rudia, tafadhali," alisema kwa ile lugha ya kigeni wanayoitumia hewani.

Mtu akarudia. Fundi akabana spika masikioni kwa mikono miwili, akafumba macho. Hakuna.

"Rudia, tafadhali."

Kengele alikuwa amesimama nyuma yake. Sauti ilivuja kutoka kwenye zile spika, imewekwa juu kiasi kwamba hata yeye aliyekuwa hatua mbili aliisikia yote, neno kwa neno, safi kama maji. Alimwona shemeji yake anavyokunja uso, akaelewa mara moja. Miaka yote ile ya kumtania, na hakujua. Akachukua kalamu, akageuza karatasi ya mzigo wa saruji, akaandika kwa herufi kubwa: jina la hewani la kisiwa, na chini yake, NNE NA SABA. Akaisogeza mbele ya macho yake.

Fundi alifumbua macho, akaona karatasi inakuja, na akafanya jambo ambalo Kengele alilisimulia yadini mwaka mzima. Alikizungusha kiti, na mwili wake, na redio ikabaki ubavuni, akautazama ukuta mtupu.

"Toa hiyo," alisema.

"Shemeji, ni namba tu! Nne na saba! Andika!"

"Usiseme! Umesema! Toa!"

"Hata akikuuliza Mungu nitamwambia ulisikia mwenyewe!"

"Sikusikia mwenyewe."

Mle kwenye spika mtu aliita tena. Sasa alififia, kama wanavyofifia jua likisogea, na Kengele alisikia kelele zikianza kuingia kama mvua juu ya bati. Mlangoni alikuwa amefika mkewe Fundi, amerudi kutoka shuleni kwa chakula cha mchana, mkoba bado begani. Alikuta mdogo wake ameshika karatasi kwa mikono miwili, na mumewe ameupa ulimwengu kisogo. Akasimama pale pale mlangoni.

Mnaona ugumu wake? Alichotakiwa kufanya ni kuandika tarakimu mbili. Nani angejua? Kadi ingekuja, ingebandikwa ukutani, chama kingepiga makofi, hata Kinyozi angepiga. Jina la kisiwa alishalijua, namba imeshapigiwa kelele chumbani, na asingeweza kuitoa tena kichwani. Mia ilikuwa imekaa mezani mbele yake, na baada ya hapo hakukuwa na nyingine.

Fundi alikaa akiutazama ule ukuta. Halafu alikirudisha kiti taratibu, akabonyeza kitufe, na kwa sauti yake ile ile ya katibu, ya mtu anayekagua kadi, akasema maneno haya kwenda mwisho wa dunia:

"Rafiki yangu, nisamehe. Najua upo, lakini sielewi unachosema. Kosa si lako wala si la redio. Masikio yangu yamezeeka. Ni miaka miwili sasa, na sijamwambia mtu. Nilikungoja sana. Hapa nimekaa na shemeji yangu, yeye anakusikia. Sheria inaniruhusu kumpa aongee nikiwa nimekaa hapa. Nampa."

Akavua spika, akamvisha Kengele kichwani, akamsukumia kipaza sauti.

Kengele akakohoa, akashika kipaza sauti kama anavyokishika yadini, na akaanza. Aliongea kwa ile lugha yake ya kigeni ya kuungaunga, kwa kicheko, bila herufi wala itifaki yoyote. Akasikiliza. Akacheka. Akaongea tena. Akafuta machozi kwa ukingo wa fulana, akacheka tena. Fundi alikuwa amemkazia macho usoni, anaufuata mdomo wake, kama mteja anayengoja kuambiwa kama saa ya babu yake itapona.

"Anasemaje?" aliuliza.

Miaka thelathini na moja kwenye redio, hakuwahi kumuuliza mtu swali hilo.

"Anasema amekusikia, shemeji. Kila neno. Anasema wewe unafika kule kama uko chumba cha pili." Kengele akainua mkono anyamaze, akasikiliza, akaendelea. "Anauliza kadi aandike jina la nani."

Fundi hakufikiri. "Lako."

"Langu la nini? Mimi sina leseni! Andika mia yako, bwana, nakuomba!"

"Wewe ndiye uliyemsikia. Mwambie jina lako, harakisha, anapotea. Na Jumamosi ya kwanza ya mwezi uje darasani, mtihani si mgumu kama ninavyousema."

Kengele akamtajia yule mtu jina lake, lile la kweli ambalo hata madereva hawalijui, akalirudia mara mbili, na kabla hajamaliza kuaga kelele zikafunika kila kitu. Akavua spika, akaziweka juu ya meza taratibu. Kutoka ng'ambo ya barabara lori lilianza kupiga honi ndefu, ya hasira. Lilikuwa namba saba, limefika na hakuna wa kulipakia.

"Mungu wangu, saruji!" Kengele alisema, akambusu dada yake shavuni, na akatoka mbio.

Fundi alibaki na daftari lake wazi. Chini ya mstari wa tisini na tisa palikuwa na nafasi nyeupe, akaitazama kidogo, akafunika kalamu. Moyo ulimuuma, nisiseme uongo, ulimuuma kweli. Lakini pia alijisikia mwepesi, mwepesi kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi, na hakujua la kufanya na wepesi huo.

Mkewe alikuwa bado pale mlangoni. Miaka miwili amengoja mwanaume huyu amwambie neno moja, na neno limetoka, ametangulia kuambiwa mtu wa kisiwani, na hata wenzake kumi na saba wa kisiwa hicho, kama walikuwa wakisikiliza. Alikuwa na haki ya kukasirika na alikuwa amekasirika, na macho yalikuwa yamemjaa machozi, na alikuwa anacheka, vyote kwa pamoja. Akasema kitu, kwa sauti yake ile ya chini.

Fundi akageuka. Mdomo ulishafunguka kusema "ndiyo, ndiyo." Akaufunga.

"Samahani, mke wangu," alisema. "Sikusikia. Hebu sogea karibu, urudie."

Mkewe aliutua mkoba chini, akavuta kigoda, akaja kukaa karibu naye, magoti yao yakagusana. Akarudia.